Lupita: Stage Ndio Ilimpika

Wasee wengi wakiskia Lupita Nyong'o, kitu inawajia ni ile Oscar ya 2014, luku ya bluu ya Prada na Kanairo nzima ikipiga nduru. Fiti, heshima apewe, ndiye Mkenya wa kwanza kubeba hiyo kitu kwa uigizaji. Lakini ukitaka kujua huyu manzi alipikwa wapi, cheki stage.

Alizaliwa Mexico City 1983, buda yake Anyang' Nyong'o akifunza huko, halafu akakulia Nai. Akiwa na miaka 14, wasee wa thieta wa Phoenix Players wakampea role ya Juliet. Hiyo ni Shakespeare, Kingoso ya kitambo, na stage haina mambo ya kukata turudie. Ukisahau laini, watu wote wamekuona.

Akaenda majuu kusomea mambo ya muvi. Wazungu walipokuja Kenya 2004 kushuti "The Constant Gardener", kamera haikuwa yake. Alikuwa mtu wa kutumwatumwa kwa seti. Hapo ndio alibonga na Ralph Fiennes, akaambiwa aingie uigizaji kama tu anaona hawezi ishi bila hiyo kitu. 2009 tukamcheki kwa series ya "Shuga" kama Ayira, na mwaka huo huo akatoa dokumentari yake, "In My Genes", kuhusu wasee wenye ualbino hapa Kenya.

Sasa shika hii. 2009 pia alikuwa amejoin Yale, na thieta ya huko ikapiga "Eclipsed", mchezo wa Danai Gurira kuhusu madem wanaoshikiliwa kambini kwa vita ya Liberia. Lupita akawekwa akiba: unakariri role ya mwenyewe yote, kisha unakaa benchi ukingoja siku hatatokea.

Miaka ikasonga, Oscar ikaingia kejani, Hollywood ikawa inamtaka mbaya. Yeye akarudia mchezo uleule, Public Theater 2015, Broadway 2016. Alikuwa msichana wa miaka 15, na mwanzoni anatolewa chini ya beseni kubwa ya plastiki alikofichwa. Imagine, mshindi wa Oscar amejikunja chini ya beseni kila usiku! Ikamletea nomination ya tuzo ya Tony, na ndio ilikuwa play ya kwanza Broadway yenye mwandishi, direkta na waigizaji wote ni wanawake weusi.

2025 akatokea tena, "Twelfth Night" pale Central Park, kuingia ni bure. Direkta ni Saheem Ali, mboyz wa Nai waliyejuana wakiwa matineja. Pacha wake kwa stori akachezwa na bro yake wa damu, Junior. Na ndani ya hiyo Shakespeare, hao wawili wakabonga Kiswahili mbele ya umati wa New York bila kuomba ruhusa.

Kwa hivyo kama unataka kuigiza, usikae ukingoja kamera. Kuna wasee wanachapa setbuku asubuhi mbele ya mafom foo wenye kelele, na hiyo ndio shule ya kushika watu. Kama wewe si wa kuigiza, wikendi pitia Kenya National Theatre na ulipe tiketi, usiombe ya bure eti unajua mtu wa mlangoni. Tukingoja wabebe Oscar ndio tujue majina yao, basi tusijidai tuliwajua tangu mtaani.