Projekta ina zumu, lakini zumu gani? Mambo ya kucheki kabla hujatoa hela Kariakoo

Dar es Salaam. Benchi zimejaa, zimebaki dakika 10 Simba na Yanga waingie uwanjani. Mwenye banda anawasha projekta aliyoinunua mchana Kariakoo. Picha inamwagika mpaka kwenye bati na ukuta wa pembeni. Anabonyeza zumu kwenye rimoti. Picha inapungua kweli, lakini mwanga unabaki hafifu vilevile na namba za jezi hazisomeki tena.

Kwa mwenye kibanda umiza hiyo ni hasara ya papo hapo. Mteja akikereka, anahamia banda la jirani.

Mara nyingi mashine yenyewe siyo mbovu. Shida iko kwenye lenzi.

Umbali unapanga upana

Kila projekta ina uwiano wake: umbali kutoka lenzi hadi ukutani, ukigawanya kwa upana wa picha. Ikiwa uwiano ni 1.5 na projekta iko mita 4 kutoka ukutani, picha itakuwa na upana wa mita 2.67 hivi. Hiyo ni kama inchi 120.

Lenzi isiyo na zumu haibadilishi uwiano huo. Ukitaka picha ndogo, unaisogeza mashine mbele. Kwenye chumba chembamba chenye nguzo katikati, au pale projekta inaponing'inizwa darini, hilo haliwezekani kirahisi.

Lenzi yenye zumu ya mara 1.2 inakupa nafasi ya kucheza: uwiano unaenda kutoka 1.5 hadi 1.8. Ukiwa palepale mita 4, picha inashuka kutoka inchi 120 hadi 100 bila kuhamisha kitu.

Zumu mbili, kazi tofauti

Zumu ya kweli hufanywa na vioo. Vipande vya lenzi husogea ndani, picha inapungua, na karibu mwanga wote unabanwa kwenye eneo dogo zaidi. Kutoka inchi 120 hadi 100, eneo hupungua kwa karibu asilimia 30, hivyo picha inang'aa zaidi. Pikseli zote bado zinafanya kazi.

Zumu ya rimoti, ambayo ndiyo ipo kwenye projekta nyingi za bei poa, ni ya programu. Lenzi haisogei. Mashine inachora picha ndogo katikati ya kioo chake na kuacha pembeni pakiwa peusi. Projekta ya pikseli 1920 kwa 1080 ikipunguzwa hadi asilimia 75, inatumia 1440 kwa 810 tu. Karibu nusu ya pikseli ulizolipia zimekaa bure, na mwanga wa pembeni unapotea.

Kwa nini zumu ya kweli ni ghali?

Kwenye projekta nyingi, kioo kinachotengeneza picha ndani hakifiki hata inchi 1. Kutoka inchi 0.6 hadi inchi 120 ni kukuza mara 200. Kosa la milimita 0.01 kwenye kioo linaonekana ukutani kama milimita 2.

Kuna kikwazo kingine. Projekta zenye vioo vitatu vya LCD hutumia prizimu kuunganisha nyekundu, kijani na bluu. Prizimu hiyo inakaa kati ya vioo na lenzi, kwa hiyo lenzi lazima ifanye kazi ikiwa mbali kidogo. Wabunifu hutatua hilo kwa kuweka mbele kundi la lenzi mbonyeo, zinazotawanya mwanga, na nyuma kundi la lenzi mbinuko, zinazoukusanya.

Zumu inakuja kwa kubadilisha nafasi kati ya makundi hayo. Kundi moja likisogea kubadili ukubwa, picha huwa na ukungu. Lingine lazima lisogee nalo ili irudi kuwa kali.

Kufanya haya yote ndani ya mashine ndogo ndiyo kazi ngumu. Vipande vikipunguzwa ovyo, pembe za picha zinapata ukungu. Njia mojawapo ni kutumia lenzi ambazo uso wake si sehemu ya tufe kamili. Moja huweza kufanya kazi ya mbili. Lakini kuzitengeneza kwa usahihi ni gharama. Za plastiki ni rahisi zaidi, ila joto la taa huzitanua, na picha iliyokuwa kali inaanza kufifia makali mechi ikiendelea.

Dukani, fanya hivi

- Nenda na vipimo: umbali kutoka projekta itakapokaa hadi ukutani, na upana wa picha unaoutaka. Gawanya, upate uwiano wako.
- Angalia lenzi. Zumu ya kweli kwa kawaida ina pete au kitelezi chake, tofauti na kile cha kurekebisha ukali.
- Omba iwashwe penye giza, kisha punguza picha. Ukiona fremu ya kijivu imebaki kuizunguka, hiyo ni zumu ya programu.
- Iache iwake nusu saa, halafu soma maandishi madogo kwenye pembe zote nne.
- Kwenye mwanga, uliza lumeni za ANSI, zinazopimwa kwenye nukta 9 za picha. Namba kubwa ya kwenye boksi pekee haitoshi.

Na kama chumba chako hakibadiliki, huhitaji zumu kabisa. Projekta isiyo nayo, yenye uwiano unaolingana na vipimo vyako, itakutosha. Futi kamba ya fundi inaweza kukuokolea hela nyingi kuliko punguzo la muuzaji.