Michezo ya Vitendo katika Ufundishaji wa Stadi ya Kuzungumza Kiingereza katika Shule za Msingi za Tanzania

Utangulizi

Katika shule za msingi za umma nchini Tanzania, Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia, na Kiingereza hufundishwa kama somo. Mwanafunzi anapoingia kidato cha kwanza hali hiyo hugeuka, kwani karibu masomo yote hufundishwa kwa Kiingereza. Mtoto aliyemaliza shule ya msingi akiwa na uwezo wa kunakili sentensi ubaoni, lakini asiyeweza kuuliza swali kwa Kiingereza, hujikuta kimya katika Baiolojia, Jiografia na Hisabati kwa wakati mmoja. Makala haya yanafafanua namna michezo ya vitendo inavyoweza kujenga stadi ya kuzungumza kabla ya hatua hiyo. Hoja kuu ni kwamba mchezo haufundishi kuzungumza kwa sababu tu watoto wanakimbia na kufurahi. Hufundisha pale ambapo matokeo yake yanategemea kauli ya mtoto.

Misingi ya Kinadharia

Mwanasaikolojia wa Marekani, James Asher, katika maandiko yake ya miaka ya 1960, alipendekeza mkabala wa kufundisha lugha kwa kuunganisha amri na tendo la mwili. Mwalimu hutoa amri na kuitenda. Wanafunzi humfuata kwa vitendo kabla ya kutakiwa kusema lolote. Asher alijenga hoja yake juu ya namna mtoto anavyojifunza lugha ya kwanza: husikia na kuitikia kwa mwili kwa muda mrefu kabla ya kuanza kutamka maneno. Stephen Krashen (1982) naye alieleza kuwa hofu na wasiwasi huzuia ujifunzaji wa lugha. Kwa mtazamo huo, mchezo una nafasi ya pekee, kwa kuwa humwondolea mtoto woga wa kuchekwa.

Hata hivyo, kusikia pekee hakutoshi. Merrill Swain (1985), akirejelea wanafunzi wa Kanada waliosoma masomo yao kwa Kifaransa, alibainisha kuwa uelewa wao ulikuwa mzuri ilhali uzungumzaji na uandishi wao ulibaki nyuma. Alihitimisha kuwa mjifunzaji anahitaji kulazimika kutoa lugha, na kuitoa kwa namna inayoeleweka. Kutokana na hoja hizo, michezo inafaa kupangwa kwa hatua tatu.

Hatua Tatu za Michezo

Hatua ya kwanza ni kusikia na kutenda. Mwalimu huamuru wanafunzi wasimame, waguse dirisha au wanyanyue daftari. Katika mchezo maarufu wa «Simon says», wanafunzi hutii amri pale tu inapotanguliwa na maneno hayo mawili. Kwa kawaida anayekosea hutolewa mchezoni. Utaratibu huo una kasoro: mtoto anayehitaji mazoezi zaidi ndiye anayefanywa mtazamaji. Inafaa zaidi anayekosea apewe zamu ya kutoa amri inayofuata, ili kosa limpatie nafasi ya kuzungumza.

Hatua ya pili hulenga matamshi. Kiswahili kina irabu tano, na silabi zake nyingi huishia na irabu. Ndiyo maana mwanafunzi huongeza irabu mwishoni mwa neno la Kiingereza linaloishia na konsonanti, na pia hatofautishi «ship» na «sheep». Mwalimu anaweza kubandika picha ya meli kwenye ukuta mmoja na ya kondoo kwenye ukuta wa pili. Mwanafunzi mmoja hutaja neno alilooneshwa kwa siri, na wenzake hukimbilia picha wanayodhani imetajwa. Wakigawanyika, mtamkaji huona mara moja kwamba tamko lake halikueleweka, bila mwalimu kumkosoa mbele ya wenzake.

Hatua ya tatu ni kujaza pengo la taarifa, yaani mmoja anajua jambo ambalo mwenzake hana budi kulipata kwa njia ya mazungumzo. Wanafunzi wakiwa wawili wawili, mmoja humchagua kimyakimya mtu aliyemo darasani na kumweleza kwa sentensi. Mwenzake hutafuta ni nani. Mchezo huu hugusa tatizo mahususi la wasemaji wa Kiswahili. Kiwakilishi «yeye» hakibainishi jinsi, hivyo watoto huchanganya «he» na «she». Hapa kosa hilo lina athari: msikilizaji humtafuta mvulana mahali pa msichana.

Michezo ya jadi pia inafaa. Katika mdako, mtoto hurusha jiwe juu na kuchota mengine kabla halijatua. Inaweza kuwekwa kanuni kwamba mawe yaliyochotwa yatahesabiwa endapo tu mchezaji atataja idadi na nomino kwa usahihi: «one stone», «two stones». Katika Kiswahili wingi huonekana mwanzoni mwa nomino, kama jiwe na mawe. Katika Kiingereza huonekana zaidi mwishoni, mahali ambapo sikio la mtoto halijazoea kuutafuta. Wenzake, kwa kuwa wanataka zamu, husikiliza kwa makini kuliko mwalimu yeyote.

Utekelezaji katika Madarasa Makubwa

Katika darasa la wanafunzi 80 na kipindi cha dakika 40, kama kila mmoja atazungumza peke yake mbele ya darasa, atapata sekunde 30, na hapo mwalimu hajasema neno. Wakigawanywa wawili wawili kwa dakika 10 tu, kila mmoja hupata takribani dakika tano. Kwa hiyo, ukubwa wa darasa hauwi hoja ya kuacha michezo; ni hoja ya kuacha mchezo wa mtu mmoja mbele ya wengi. Kelele hupunguzwa kwa kutumia uwanja na kukubaliana mapema juu ya ishara ya kunyamaza.

Changamoto nyingine ni watoto kurejea Kiswahili mchezo unapopamba moto. Adhabu haifai, kwani hurudisha woga ambao mchezo ulikusudiwa kuuondoa. Inapendekezwa kanuni zielezwe kwa Kiswahili ili muda usipotee, kisha wanafunzi wafundishwe kwanza lugha ya mchezo wenyewe: namna ya kudai zamu, kupinga uamuzi na kuomba kurudia. Mtoto hugombana kwa lugha aliyonayo. Akipewa maneno ya Kiingereza ya kugombania zamu, atayatumia.

Hitimisho

Kikwazo kikubwa zaidi kimo katika upimaji. Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi hufanywa kwa maandishi, hivyo mwalimu anayetenga muda wa kuzungumza hana alama za kuonesha. Upimaji endelevu wa darasani unaweza kuziba pengo hilo iwapo mwalimu ataandika, kwa wanafunzi wachache kila kipindi, kama kauli zao zilieleweka mara ya kwanza, baada ya kurudiwa, au hazikueleweka kabisa. Bila kumbukumbu hiyo michezo itaendelea kuonekana kuwa burudani ya Ijumaa mchana, na mwanafunzi wa kidato cha kwanza ataendelea kuwa na swali asiloweza kuliuliza.