Punda wa Nyika Kavu na Namna ya Kuwapiga Picha

Punda avutaye mkokoteni ni mnyama tumjuaye sote, hata sisi wakazi wa Ziwani. Asili yake ni punda-mwitu wa Afrika, ambao wachache wao wangali wakiishi katika majangwa ya Eritrea na Ethiopia. Hapa Kenya hawako, lakini tunaye ndugu yao, yaani punda milia wa Grevy, akaaye katika nyika kavu za Samburu, Isiolo, Marsabit na Laikipia.

Huyu si yule punda milia wa kawaida. Milia yake ni myembamba, tumbo lake ni jeupe, na masikio yake ni makubwa ya mviringo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 walikadiriwa kuwa 15,000 hivi. Waliwindwa kwa ajili ya ngozi, na malisho na maji yakapungua. Hata katika hesabu ya mwaka 2018 walioonekana kuwako Kenya walikuwa 2,812 tu.

Je, wanyama watembeao huhesabiwaje? Kwa picha. Milia ya punda milia ni kama alama za vidole vya mtu: hakuna wawili walio sawa. Tarehe 30 na 31 Januari, 2016, mamia ya watu, wataalamu na raia, walitoka na kamera zao. Waliopigwa picha siku ya kwanza walilinganishwa na wa siku ya pili. Ikiwa wengi ni wale wale, waliobaki bila kuonekana ni wachache. Ikiwa wengi ni wapya, kundi ni kubwa.

Basi mpiga picha ashike haya:

1. Apige ubavu wa kulia, kwa maana milia ya kushoto haifanani na ya kulia.

2. Apige asubuhi au jioni, kabla joto halijaitikisa hewa na kuivuruga picha.

3. Abaki garini, wala asisimame kati ya mnyama na maji. Jike anyonyeshaye hawezi kukaa siku nyingi bila kunywa.

4. Aandike tarehe na mahali. Picha isiyo na hayo ni pambo la ukutani tu.

Atakaye kuwaona na aende Isiolo, safari ya kilomita 280 hivi kutoka Nairobi. Hifadhi za Buffalo Springs na Samburu ziko kaskazini ya mji huo. Huko aina zote mbili za punda milia huonekana, na kila picha iliyopigwa sawasawa yaweza kuongeza mnyama mmoja katika hesabu.