Kutoka Jukwaani hadi Kwenye Filamu: Tamthilia Inapobadilishiwa Chombo

Aghalabu mtu anapoambiwa kwamba tamthilia fulani imetengenezewa filamu, hudhani kuwa ni kazi ile ile iliyohamishwa, kama maji yamiminwavyo kutoka mtungi hadi mtungi. Dhana hiyo haina budi kusahihishwa. Tamthilia na filamu hushirikiana wahusika, mgogoro na majibizano, lakini huhitilafiana katika jambo moja la msingi: ni nani anayeamua kile ambacho hadhira itakiona.

Jukwaani mtazamaji ana uhuru. Mhusika mmoja anaposema, yeye aweza kumtazama mwingine aliyenyamaza pembeni. Katika filamu uhuru huo hutwaliwa na kamera. Mfano mzuri ni Julius Caesar ya Shakespeare, ambayo wasomaji wa Kiswahili wameijua tangu Julius Nyerere alipochapisha tafsiri yake mwaka 1963. Jukwaani, Mark Antony anapowahutubia Warumi mbele ya maiti, ukumbi mzima huwa kama sehemu ya umati unaohutubiwa. Katika filamu ya Joseph L. Mankiewicz ya mwaka 1953, Antony, aliyeigizwa na Marlon Brando, ananyamaza kana kwamba amezidiwa na majonzi, akaupa umati kisogo. Kamera inauonyesha uso wake, nao ni uso wa mtu anayepima athari ya maneno yake. Warumi hawauoni, mtazamaji anauona. Maneno hayakubadilika, ila mtazamaji ametolewa katika umati na kufanywa shahidi wa hila.

Wako waongozaji waliokwenda mbali zaidi. Akira Kurosawa wa Japani, alipoigeuza Macbeth kuwa filamu mwaka 1957, aliyaacha maneno ya Shakespeare, na mahali pake akaweka ukungu, msitu, na miondoko iliyotokana na Noh, sanaa ya maonyesho ya jadi ya Wajapani. Barani Afrika, Djibril Diop Mambéty wa Senegali alitoa filamu Hyènes mwaka 1992, kutokana na tamthilia ya Mswisi Friedrich Dürrenmatt ya mwaka 1956. Bibi tajiri anarejea katika mji wake uliofukarika na kuahidi fedha nyingi iwapo mwanamume aliyemhini ujanani atauawa. Mambéty alikihamishia kisa hicho Colobane, akakipa lugha ya Kiwolofu, na kuonyesha majokofu na feni zikiwavutia wenyeji. Katika kazi kama hizi, uaminifu haumo katika kuhifadhi kila neno, bali katika kuhifadhi swali linaloulizwa.

Lakini itakuwaje iwapo tamthilia yenyewe haikuandikwa? Hapo ndipo suala hili linapoigusa Kongo. Kikundi cha Mufwankolo cha Lubumbashi, kilichojipatia sifa kwa michezo ya redio na televisheni katika Kiswahili cha mji huo, hakikutegemea maandishi ya kukariri. Waigizaji walikubaliana juu ya kisa, wakagawana nafasi, kisha wakayazua maneno wenyewe katika mazoezi. Mwaka 1986 mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliwauliza maana ya msemo kwamba mamlaka huliwa mazima. Badala ya kumpa jibu la sentensi moja, waliutungia mchezo kuhusu mtawala na watu wake, wakaucheza katika kijiji cha Kawama mbele ya kamera za televisheni. Fabian aliyafuatilia mazoezi na onyesho, akayanakili maneno yake na kuyachapisha katika kitabu cha mwaka 1990.

Katika hali kama hiyo, kurekodi si kuitia tamthilia pambo, ndiko kuiandika. Naye mwandishi huyo, yaani kamera, ana upendeleo wake. Ikimwelekea mtawala peke yake, mnong'ono wa raia hupotea.

Ichukuliwe kwamba kikundi kinaigiza Kabalo, kwenye njia panda ya reli za Kalemie na Kamina, ambako Kiswahili na Kiluba hukutana. Mtazamaji anamkatiza mwigizaji, naye anamjibu papo hapo kwa kuchanganya lugha hizo mbili, watu wakaangua kicheko. Jibu hilo halimo katika muswada wowote. Likikatwa na mhariri kwa kudhaniwa kuwa ni kosa, lugha imepoteza ushahidi wake na tamthilia imepoteza nusu ya wahusika wake, maana hadhira nayo ilikuwa ikiigiza.

Kwa kuhitimisha, mwanafunzi anayelinganisha tamthilia na filamu yake asitosheke na kuhesabu yaliyopunguzwa na yaliyoongezwa. Na aulize kamera imemweka mtazamaji upande wa nani, na sauti ya nani imeachwa nje. Pale ambapo hakuna muswada, rekodi nzima isiyokatwa ihifadhiwe, na maneno yake yanakiliwe kama yalivyosemwa. Mchezo uliochapishwa waweza kuigizwa tena hata filamu yake ikiharibika. Mchezo uliozuliwa mdomoni hauna akiba nyingine.