Talmudi na shamba lililoachwa Kitshanga

Kitshanga ni mji wa barabarani, kaskazini-magharibi mwa Goma, mahali teritwari ya Masisi inapopakana na ile ya Rutshuru, ndani ya uchifu wa Bashali. Mwanzoni mwa 2013 nyumba nyingi ziliteketea pale jeshi la serikali lilipopigana na wapiganaji wa APCLS mjini humo. Tarehe 26 Januari 2023 mji ukaangukia mikononi mwa waasi wa M23. Oktoba mwaka huo huo ukaponyoka, kisha ukatekwa tena. Kila mara watu walijitwika magodoro na sufuria wakaondoka. Kila palipotulia kidogo walirudi, na wapo waliokuta mtu mwingine anapalilia maharagwe shambani mwao, akisema bila wasiwasi kwamba ameuziwa.

Shamba ni la nani? Mahakama, wazee wa barza na mashirika ya upatanishi wamelihangaikia swali hilo kwa miaka mingi. Wapo pia watu waliolitungia sheria zaidi ya miaka 1,800 iliyopita, nao walikuwa wametoka vitani wakiwa wameshindwa. Ni marabi wa Kiyahudi.

Wayahudi waliasi utawala wa Roma mwaka 66. Yerusalemu na hekalu lake vikaangamizwa mwaka 70, na uasi wa pili, ule wa Bar Kokhba wa 132 hadi 135, uliishia pabaya zaidi. Mashamba yalitwaliwa, yakagawiwa, yakauzwa na kuuzwa tena. Katika hali hiyo Rabi Yehuda HaNasi alikusanya mafundisho ya sheria ya mdomo, karibu mwaka 200, yakawa Mishna. Wanazuoni wa Babeli wakaijadili kwa karne tatu na zaidi, na mjadala huo ndio Talmudi ya Babeli, ambayo chapa zake za leo zina majani 2,711. Asiyeifungua hudhani ni kitabu cha sala na vyakula vilivyokatazwa. Sehemu kubwa yake ni kesi za ng'ombe, kuta, visima, vibarua ambao hawajalipwa na majirani wasiosalimiana.

Ng'ombe kwanza, maana Masisi bila ng'ombe haisimuliki. Milima yake ya majani ndiyo inayotoa fromaji ya duara inayopendwa Goma na hata Kinshasa. Malisho mengi yako ndani ya mashamba makubwa ya watu wachache, ambayo wenyeji huyaita ferme. Pembezoni mwake, na mara nyingine ndani yake, familia hulima maharagwe, mahindi na viazi kwenye vipande vidogo. Ng'ombe mmoja akivuka ua usiku mmoja, chakula cha msimu kimekwenda.

Gombo la Talmudi liitwalo Bava Kama linaanza na hasara za namna hiyo hasa. Linataja mizizi minne ya madhara: ng'ombe, shimo, mnyama anayekula cha mwenzio, na moto. Mnyama akila mazao ndani ya shamba la mtu, mwenye mnyama hulipa hasara yote. Akila kilichoachwa njia ya wote, mwenyewe hulipa tu thamani ya lishe aliyookoa, kwa kuwa njia ni ya kila mtu na mnyama hutembea na tumbo lake. Swali linalofuata ni la zizi. Mfugaji aliyelifunga sawasawa na wanyama wakatoka hata hivyo, hadaiwi. Aliyelifunga ovyo anadaiwa. Na majambazi wakiwatoa wanyama zizini, deni la mazao linawaangukia majambazi. Kwa Masisi, ambako wenye bunduki wameswaga mifugo ya watu mara nyingi, kifungu hicho hakihitaji tafsiri ndefu.

Kuhusu kupima hasara, Mishna haiangalii matuta yaliyoliwa peke yake. Inachukua eneo kubwa zaidi la shamba lile lile, inauliza lingeuzwa kwa bei gani kabla na bei gani baada, na tofauti ndiyo fidia. Hesabu hiyo inamwonea huruma kidogo mfugaji. Rabi Shimoni aliongeza kwamba yakiliwa mazao yaliyokwisha kukomaa, yalipwe kwa thamani ya mazao yaliyokomaa. Mama anayelilia viazi vilivyobakiza siku chache kuchimbwa angekuwa upande wa Rabi Shimoni.

Kuna na marufuku moja ya kushangaza: katika Nchi ya Israeli iliyolimwa haikuruhusiwa kufuga mbuzi na kondoo, ila nyikani na upande wa Shamu. Marabi waliona kwamba wanyama hao wadogo wanaumaliza ukulima. Ng'ombe hawakuguswa, na Talmudi inatoa sababu: jamii haiwekewi amri ambayo wengi hawawezi kuibeba, na ng'ombe, tofauti na wanyama wadogo, hawakuweza kuletwa kutoka nje ya nchi. Ukiihamishia sheria hiyo Masisi neno kwa neno utapata upuuzi, kwa sababu huku mbuzi ni wa maskini na makundi makubwa ya ng'ombe ni ya wachache. Ukiihamisha hoja yake mambo yanageuka. Hapo anayepaswa kubanwa ni mwenye ng'ombe mia mbili, na mwenye mbuzi wawili aachwe.

Nyumba nyingi za Kitshanga ni za mbao na mabati. Vita vikipita, mbao hung'olewa na mabati huhama, yakaonekana baadaye juu ya paa la mtu mwingine. Gombo la Gitini lina kesi ya boriti iliyoibwa ikajengewa ndani ya nyumba. Shule ya Shamai ilitaka nyumba yote ibomolewe na boriti irudishwe. Shule ya Hileli ilisema aliyeibiwa alipwe thamani ya boriti, ili aliyeiba apate mlango wa kutubu. Sheria ikamfuata Hileli. Ni uamuzi wa watu waliokuwa wakijua kwamba mwizi na aliyeibiwa wataendelea kuchota maji kisima kimoja.

Mara tu baada ya boriti, katika gombo hilo hilo, inakuja sheria ya sikarikon, yaani ya ardhi iliyonyang'anywa kwa nguvu wakati wa utawala wa Kirumi. Na hapo hapo, katikati ya mjadala wa nani alipe nini, wahariri wa Talmudi wakaingiza hadithi zao ndefu za kuanguka kwa Yerusalemu, ikiwemo ile maarufu ya Kamtsa na Bar Kamtsa. Yaani simulizi kuu ya maangamizi ya taifa imewekwa ndani ya kesi ya viwanja.

Sheria yenyewe ilipita hatua tatu. Kwanza ilikuwa kali: ukinunua shamba kwa mnyang'anyi, kisha ukaenda kwa mwenyewe akuridhie, ununuzi wako ni batili, kwa kuwa mwenyewe alikubali kwa hofu. Ukianza kwa mwenyewe, ununuzi unasimama. Tatizo likajitokeza haraka. Wanunuzi waaminifu waliogopa, hakuna aliyenunua, na ardhi ikabaki milele mikononi mwa walioipora. Ndipo mahakama ya baadaye ikaamua kwamba anayenunua kwa mnyang'anyi amlipe mwenyewe robo; na kama mwenyewe ana uwezo wa kuinunua tena, yeye ndiye wa kwanza kabla ya mtu yeyote. Mwishowe Rabi Yehuda HaNasi aliitisha kikao, wakapiga kura: shamba likikaa kwa mnyang'anyi miezi 12, anayewahi kununua amelipata, lakini robo ya mwenyewe iko pale pale.

Kwa nini robo? Mnyang'anyi hakulipa kitu, kwa hiyo huuza chini ya bei. Kwa hesabu ya Shmueli, mmoja wa wanazuoni wa Babeli, shamba la thamani ya dola 4,000 angelitoa kwa 3,000. Ile 1,000 aliyoiokoa mnunuzi haikuwa bahati yake, ilikuwa mali ya aliyefukuzwa. Basi ampe dola 1,000 au robo ya shamba. Mwanazuoni mwenzake, Ravi, alipiga hesabu yake tofauti, na ubishi wao umebaki kitabuni mpaka leo.

Msomaji wa Masisi anaweza kuona uchungu hapo, na ana haki. Robo ya shamba la baba si shamba la baba. Ila marabi hao hao walishikilia kwamba ardhi haiibiki, kwamba mwizi hawezi kuibeba, hivyo kisheria inabaki chini ya jina la mwenyewe. Robo ilikuwa dawa ya mahali ambapo mnyang'anyi alikuwa dola ya kigeni isiyoshtakika. Kitshanga mnyang'anyi wa leo huenda ni jirani wa jana, na mwenye bunduki wa mwaka huu huenda asiwe wa mwaka ujao. Kutangaza leo kwamba mwaka mmoja ukipita ardhi ya vita inanunulika kungekuwa kumkaribisha mporaji mwingine. Kinachofaa kuazimwa ni ule utaratibu wa zamu: mwenyewe aulizwe kwanza, kabla ya mnunuzi wa Goma mwenye fedha mkononi. Ile miezi 12 ya Rabi Yehuda iachwe huko Galilaya.

Na mwenyewe ni yupi? Hapa ndipo Masisi inapoizidi Mishna ugumu. Kuanzia 1937 hadi 1955 Wabelgiji waliendesha mpango wa kuwahamishia Masisi maelfu ya familia kutoka Rwanda, kupitia idara iliyoitwa Mission d'Immigration des Banyarwanda. Uchifu wa Gishari ulianzishwa kwa ajili yao juu ya ardhi ya Wahunde, kisha ukafutwa 1957. Mwaka 1973 sheria mpya ya ardhi ilitangaza kwamba udongo wote ni mali ya serikali, ikaahidi kwamba haki za jamii za vijijini zitapangwa kwa amri ya rais. Amri hiyo kwa miongo mingi haikutoka. Mwaka huo huo Rais Mobutu aligawa mashamba ya wageni kwa Wazaire waliokuwa karibu na utawala. Mkulima aliyerithi kwa babu akajikuta ndani ya ferme ya mtu mwenye hati, akilima kipande kwa kulipa siku za kazi, mtindo ambao Masisi unaitwa salongo.

Talmudi haimbembelezi mkulima huyo. Gombo la Bava Batra linasema wazi kwamba anayelima kwa mgawo wa mazao hajipatii umiliki kwa kukaa, hata akae miaka mingapi. Lakini gombo hilo linamwuliza mwenye hati pia. Kukaa miaka mitatu mfululizo bila mtu kupinga ni ushahidi wa umiliki, kwa sababu baada ya muda huo watu hawazitunzi tena hati zao. Ila kukaa bila dai si kitu. Mtu akiulizwa anafanya nini shambani, akajibu kwamba hakuna aliyewahi kumwambia lolote, ameshindwa. Akijibu kwamba aliuziwa na mwenyewe, au baba yake aliliacha, hapo miaka mitatu inaanza kumsaidia. Na anayejulikana kwa unyang'anyi, miaka haimsaidii.

Kisha kuna vita. Mishna inataja nchi tatu, Yehuda, Ng'ambo ya Yordani na Galilaya, na inasema miaka mitatu haihesabiwi kama mwenyewe yuko nchi moja na mkaaji yuko nyingine. Talmudi inaeleza kwamba hiyo ni kwa nyakati za machafuko, njia zinapokatika, kwa sababu aliyekimbia hana namna ya kupinga na habari hazimfikii. Muda wa kisheria unasimama hadi barabara ifunguke. Sheria ya Kongo ya 1973 kwa upande wake inakifanya cheti cha usajili kisishambulike miaka miwili baada ya kuandikishwa. Miaka miwili ilikuwa muda mfupi kwa mtu aliyekuwa chini ya turubai kule Bulengo, kambi ya waliokimbia vita karibu na Goma, hasa ikiwa cheti kimetolewa mjini bila yeye kusikia.

Barabara zikiwa wazi, Talmudi haimtaki mwenyewe arudi na panga, wala hata amwendee mkaaji uso kwa uso. Inatosha atamke mbele ya mashahidi wawili, popote alipo, kwamba fulani anakaa kwenye shamba lake bila haki na kwamba atamshtaki. Wanazuoni waliamini maneno yatasafiri, kwa kuwa shahidi ana rafiki, na rafiki ana rafiki yake. Enzi ya simu na redio imani hiyo inakubalika kirahisi zaidi.

Kwa Kivu ya Kaskazini utaratibu huo hauhitaji sheria mpya. Itifaki ya mali za watu wanaorejea, iliyopitishwa na nchi za Maziwa Makuu mwaka 2006, inazitaka serikali ziwarudishie waliorejea mali zao kwa msaada wa mamlaka za jadi na za utawala za mahali. Mkataba wa Goma wa tarehe 23 Machi 2009, kati ya serikali na kundi la waasi la CNDP, ulitaja kamati za kudumu za upatanishi vijijini. Kamati ikipokea tamko la mkimbizi likiwa na jina la shamba, majirani wa pande zote nne na mashahidi wawili, itakuwa na kitu cha kumwonyesha afisa wa ardhi kabla hajapiga muhuri. Mashahidi wenyewe ndio shida kwa sasa. Februari 2025 kambi zilizoizunguka Goma zilivunjwa, na waliokuwa majirani kwa turubai wakatawanyika kurudi Masisi, Rutshuru na kwingineko, kila mmoja akiwa na kumbukumbu ya mipaka ya mwenzake kichwani.