Safari ya Bremen (2): Fundi Cherehani na Mto Usioganda

Wiki iliyopita tuliachana kwenye sanamu ya punda, mbwa, paka na jogoo waliobebana. Leo ni zamu ya fundi cherehani.

Kila tarehe 6 Januari, Sikukuu ya Mamajusi, saa sita mchana, watu wa Bremen hukusanyika ukingoni mwa mto Weser, mahali paitwapo Punkendeich. Nilikuwepo, makoti mawili mwilini na meno yakigongana. Swali la siku huulizwa kwa Kijerumani cha kaskazini: mto unakwenda au umesimama? Yaani, unatiririka au umeganda?

Wa kujibu ni fundi mwembamba, ambaye kwa desturi hazidi ratili 99 za Kijerumani, kama kilo 50 hivi. Sharti lake ni kuvuka kwa miguu, pasi ya moto mkononi, bila kulowa. Lakini hana haraka. Kwanza hupiga domo, akiwachamba wakubwa wa mji mmoja mmoja, nao husimama pale pale wakicheka kwa shida.

Swali hilo ni dau lililoanza mwaka 1829. Wafanyabiashara wa Bremen waliishi kwa meli. Weser ukiganda, shehena imekwama. Basi wakawekeana dau, atakayeshindwa alipie karamu ya mboga iitwayo Grünkohl, ndugu wa sukumawiki yetu. Huipika hadi ilegee kabisa, kisha huila kwa soseji ya shayiri na mafuta ya nguruwe. Mimi niliishia kwenye mboga na viazi.

Kichekesho ni kwamba jibu linajulikana. Kati ya 1887 na 1895 mhandisi Ludwig Franzius aliunyoosha na kuuchimba mto ili meli kubwa zifike mjini. Tangu hapo kujaa na kupwa kwa bahari kunahisika zaidi hadi Bremen, na mto unaotikisika hivyo hauoni barafu kirahisi. Ndiyo maana siku hizi mshindi huamuliwa kwa kura ya bahati. Naye fundi, baada ya maneno yote yale, huvushwa kwa boti ya waokoaji wa baharini, ambao karamu ya dau huwachangia fedha. Nilimwona akipanda, pasi kaishika juu kama taa, kiatu kimoja tayari kimelowa.

Wiki ijayo: kwa nini kapera akitimiza miaka 30 hufagishwa ngazi za kanisa kuu.