Matawi katika Unakili wa Hazina ya Git

Mwaka wa 2005, Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliunda Git, programu ya kuhifadhi na kufuatilia matoleo ya kazi moja. Makala haya yanafafanua jinsi matawi yanavyopangwa hazina ya Git inaponakiliwa, kwani suala hili huwakanganya wengi wanaohifadhi humo kamusi, matini au tasnifu zao.

Katika Git, tawi si rundo la faili. Ni jina tu linaloelekeza kwenye toleo fulani katika historia ya kazi. Tuseme hazina ya idara ina matawi matatu: kuu, kamusi na mashairi. Mwanafunzi akiinakili kwa amri ya git clone, historia ya matawi yote matatu humfikia. Hata hivyo, Git humfungulia tawi moja pekee la kufanyia kazi, lile ambalo chimbuko limeliteua kuwa la msingi, yaani kuu. Mengine huwekewa alama tu: origin/kamusi na origin/mashairi, ambapo origin ni jina linalopewa chimbuko. Alama hizi huonyesha mahali matawi ya idara yalipokuwa mara ya mwisho hazina mbili zilipowasiliana. Ndiposa amri ya git branch huonyesha tawi moja, ilhali git branch -a hufichua yote. Akiandika git switch kamusi, Git humuundia tawi lake mwenyewe kutokana na alama hiyo.

Aghalabu tofauti hii hudharauliwa hadi madhara yanapotokea. Mwenzake akinakili kupitia mtandao kutoka kwa tarakilishi ya mwanafunzi huyu, atapokea kuu pekee. Git hurithisha matawi ya hazina inayonakiliwa, wala si alama za matawi ya chimbuko lake. Endapo tarakilishi ya idara na ya mwanafunzi wa kwanza zitaharibika, kamusi itakuwa imepotea, ingawa nakala ya pili ilidhaniwa kuwa kamili.

Kwa hivyo, anayekusudia kuhifadhi kila kitu hana budi kunakili kutoka kwa chimbuko lenyewe, kwa amri ya git clone --mirror. Mtafiti wa miswada huuliza kwanza nakala aliyo nayo ilitokana na ipi. Mtumiaji wa Git naye hana budi kuuliza vivyo hivyo.